Ndala Mlangoni mwa Chumba cha Baridi

Dada yangu ni mwoga. Nalisema hilo mbele yake na nyuma yake, na yeye mwenyewe hakatai. Anaogopa radi, anaogopa mijusi, anaogopa lifti, anaogopa hata jiko la gesi; akiwasha kiberiti anageuza uso pembeni utafikiri anachinja. Sasa mtu wa namna hiyo, niambieni, nani alimtuma kwenda kutafuta kazi ndani ya chumba cha chuma chenye baridi ya kugandisha ng'ombe mzima?

Njaa ndiyo iliyomtuma. Na njaa yenyewe haikuwa yake peke yake. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado nanyonya kidole, na yeye, kasichana tu, ndiye aliyenibeba mgongoni, akanilisha, akanisuka, akanichapa nilipostahili na siku nyingine nisipostahili, akanisomesha kwa kufua mashuka ya nyumba za wageni. Kwa hiyo mkinisikia namtania, mjue natania mtu ambaye nikimkosa sina pa kuegemea.

Tunafanya kazi kwenye banda la mizigo la uwanja wa ndege. Samaki, nyama, kuku, mboga mbichi, vyote vinaletwa asubuhi na malori ya viwandani, mchana vinapaa, jioni viko jikoni kwa watu wa mji mwingine. Mimi niko kwenye mzani, karibu na lango kubwa, mahali penye joto na vumbi na kelele za madereva. Yeye ni mfungaji. Anapanga samaki wa kuganda ndani ya maboksi meupe ya povu, anatia pakiti za barafu, anafunika, anazungushia gundi, boksi linaingia chumba cha baridi kungoja ndege. Samaki wetu hao wamesafiri angani wee mpaka wamechoka, na sisi hatujawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege.

Kazini wanamwita Mama Joto, kwa sababu anavaa masweta matatu chini ya koti la kazi na bado anatetemeka. Akitembea anaonekana kama mto wa kochi. Vijana wa kupakia mizigo humwambia, "Mama Joto, leo umevaa na godoro?" Naye huwajibu, "Leteni na shuka nilale." Anacheka nao vizuri tu. Lakini mimi namjua. Nilikuwa namwona kila anaposimama mbele ya ule mlango, anavyovuta pumzi kwanza, na anavyokunja vidole ndani ya glavu.

Chumba chenyewe kina kuta nene kama upana wa mkono, na mlango wa chuma ambao ukifungwa huwezi kusikia aliye ndani akipiga kelele. Kwa ndani kuna kitufe kikubwa cha kusukuma ili mlango ufunguke. Lakini tangu maboksi ya kamba, wale wa baharini, yalipoibiwa, bosi aliagiza kufuli liwekwe kwa nje, na kufuli likishafungwa, hicho kitufe unaweza kukisukuma mpaka kesho. Swichi ya taa nayo iko nje. Kengele ya dharura ipo, ila ilikuwa imekufa siku nyingi, na kila tukisema tunaambiwa itatengenezwa.

Tulichokuwa tunakitegemea ni ndala. Kabla ya kuingia unavua ndala zako, unaziacha hapo kizingitini, unavaa gambuti na koti zito. Ukitaka kujua nani yuko ndani humuulizi mtu, unatazama chini. Jozi mbili, watu wawili. Hakuna ndala, hakuna mtu. Hakuna aliyetutungia sheria hiyo. Ilianza yenyewe, tukaizoea, tukaiamini kabisa. Hata msimamizi wetu, mtu mzima anayejua kazi yake, alikuwa haingizi kufuli bila kuinamisha kichwa kutazama sakafuni.

Sasa siku ile. Mchana, watu wametoka kula, ikaja simu kwamba ndege imesogezwa mbele. Ee bwana! Banda zima likageuka soko. Msimamizi anapiga makelele, vijana wanavuta matoroli, mimi kwenye mzani napima boksi juu ya boksi mpaka macho yanafanya kiwi. Mzigo wa siku ile ukatoka wote. Ukabaki mzigo wa kesho yake, uko ndani ya chumba umepangwa kwenye rafu. Dada aliona boksi moja la mzigo huo limepasuka kifuniko, akaniambia kwa mbali, "Narudi ndani kuliziba, lisije likaleta maneno kesho." Nilimjibu kwa mkono tu. Nilikuwa nagombana na dereva.

Hapo ndipo anapoingia Kasuku. Kasuku ni dada mmoja anayebandika lebo kwenye maboksi, msichana mzuri, roho safi, lakini domo halina breki na akili iko safarini muda wote. Ndala yake ilimkatika mkanda katikati ya ile purukushani, na kule kwenye ndege wanamlilia lebo zilizosahaulika. Akatazama kizingitini, akaona ndala nyekundu za Mama Joto, akatia miguu, huyo, mbio. Alisema moyoni anakwenda mara moja na kurudi. Alipofika kule akakuta wanafunga nyavu juu ya mizigo, akasimama kutazama, akaanza stori na walinzi, na mwishowe akatokea geti la upande wa pili akaenda zake kituo cha basi.

Msimamizi akaja mlangoni, akainama kama kawaida yake. Sakafu nyeupe. Akazima taa, akabana kufuli, akaweka ufunguo mfukoni, akakimbia na karatasi za mzigo kuelekea kwenye ndege.

Na mimi? Nilipomaliza nikamtafuta dada, sikumwona. Nikatazama kizingitini, hakuna ndala. Nikajisemea, haya, wamemwita kwenye ndege kukagua maboksi, kama wanavyomwita mara kwa mara. Nilimpigia simu, ikaita bila majibu; kule kwenye ndege simu haziruhusiwi, na chumbani hatuingii nazo. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nilikuwa nimechoka na nawaza watoto wake wawili, maana siku hizo shemeji alikuwa safarini na funguo za nyumba zilikuwa kwangu.

Kituoni nikamkuta Kasuku amekaa kwenye tofali, anakula karanga, anasimulia watu habari za rubani aliyemkonyezea jicho. Nikakaa karibu yake, nikamnyang'anya karanga chache. Nikainamisha kichwa kukung'uta maganda kwenye sketi. Nikaona miguu yake.

Ndala nyekundu. Ya kushoto ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa wavu wa mizigo. Niliishona mimi.

"Kasuku, hizo ndala umezitoa wapi?"

"Za Mama Joto hizi. Zangu zimekatika, nikaazima."

"Alikupa mwenyewe?"

"Atanipa vipi na yuko ndani? Nilizikuta mlangoni nika..."

Hakumaliza. Nilimwona rangi inamtoka usoni, na nadhani hata mimi ilinitoka. Karanga zikaanguka. Sikumtukana, na mimi matusi ninayo, Mungu anisamehe. Niliinuka nikakimbia.

Nimewahi kuogopa maishani, msidhani mimi ni shujaa. Lakini ile haikuwa hofu ninayoijua. Hofu ninayoijua inakaa kifuani, moyo unadunda, basi. Hii iliniingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nakimbia na barabara haisogei. Watu wananitazama, mwanamke mzima anakimbia huku akisema, "Yuko gizani, yuko gizani." Maana hilo ndilo lililokuwa linanipiga kichwani. Nilikuwa nawaza giza kuliko baridi. Dada yangu akiwa nyumbani analala na taa ya korido imewaka.

Mlinzi wa getini alitaka kitambulisho. Nilimpita. Nadhani nilimsukuma.

Banda lilikuwa tupu, limefagiliwa. Mashine za baridi zinanguruma juu ya paa kama siku zote. Nilivamia ule mlango kwa mikono miwili, nikapiga, nikaita, "Dada! Dada we!" Chuma kimya. Nikabandika sikio. Nilisikia mngurumo wa feni, na chini ya mngurumo sikujua kama nasikia kitu ama nasikia damu yangu mwenyewe.

Fundi wa mitambo ya baridi alikuwa kwenye kibanda chake anabadilisha nguo aende nyumbani. Alikuja na fulana ya ndani, suruali hajafunga mkanda. Nilimwambia maneno mawili tu, akaelewa. Msimamizi tukampigia, simu imezimwa, yuko kule kwenye ndege. Ufunguo wa akiba uko ofisini kwa bosi, na ofisi imefungwa, na bosi mwenyewe yuko mji mwingine. Fundi alizima feni kwanza. Kukawa kimya cha ajabu ndani ya banda, kimya ambacho sikuwahi kukisikia hapo tangu nianze kazi. Tukasikiliza, mimi na yeye, vichwa vyetu vimegusana kwenye ule mlango.

Hakuna kitu.

"Kata," nilimwambia. "Kata, kaka yangu, nakuomba."

Akaleta mashine ya kukatia chuma. Kitasa kile cha kufuli alikichomelea yeye mwenyewe, kwa amri ya bosi, na alikichomelea vizuri, maskini, ni fundi anayejua kazi. Cheche zikaanza kuruka, na makelele yake, mama yangu! Hapo ndipo nilipoona nitakufa. Nikafikiri: sasa hivi anagonga. Sasa hivi, kwa nguvu yake ya mwisho, dada anagonga huo mlango na mimi simsikii kwa sababu ya hii mashine. Nikamshika fundi begani. "Simama kidogo nisikilize!"

"Nikisimama namchelewesha," akasema, na hakunitazama.

"Simama!"

"Mama, niachie bega."

Nikamwachia. Kasuku alikuwa amefika, anahema, yuko peku, zile ndala amezikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, analia bila sauti. Nilitamani kumrarua. Nilitamani pia anishike mkono, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kunishika. Nikabaki nimesimama, nikahesabu makosa yote niliyomfanyia dada tangu utoto, na wakati huohuo najiuliza watoto wake nitawaambia nini. Yule wa pili ananiita mama mdogo. Niliwaza, leo jioni hilo neno "mdogo" litaondoka, nitabaki mama. Nikakaa chini.

Chuma kikakatika. Fundi akavuta mlango, ukungu mweupe ukatumwagikia miguuni, nikawasha taa.

Samaki walikuwa wametapakaa sakafu nzima. Vipande vya samaki kila mahali, vigumu kama vigae, na pakiti za barafu zimetupwa huku na huku. Rafu za chini tupu. Sikuona mtu. Nikaita, sauti haikutoka vizuri, ikatoka kama ya mbuzi. Fundi akawa anasogeza samaki, anapiga hatua, anateleza. Mimi nikaona kwenye kona ya nyuma maboksi ya povu yamerundikwa juu kwa juu, mengi, hovyohovyo, kama watoto wamejenga nyumba. Nikaenda nikapangua la kwanza. La pili. Nyuma yake kulikuwa na koti.

Alikuwa amekaa juu ya vifuniko, magoti yamegusa kidevu, amejizungushia maboksi kulia, kushoto na kichwani. Gizani, kwa kupapasa, alimwaga samaki wa watu wote akatwaa maboksi yao. Povu lile kazi yake ni kuzuia joto lisiingie kwa samaki. Yeye alilifanya lizuie baridi isiingie kwake. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Mdomo ulikuwa unacheza, unacheza, hautoi neno. Nikamshika uso. Macho yakanitazama muda mrefu kabla hayajanijua.

"Taa," akasema. "Nani amezima taa?"

Nililia kilio ambacho sikulia hata msibani kwa mama.

Tulimtoa tukamfunga makoti, masweta, turubai la mizigo, kila kitu. Kasuku alimvua gambuti akaiweka miguu yake baridi tumboni mwake mwenyewe, chini ya blauzi, na hakuiachia mpaka gari la hospitali likafika. Katikati ya hayo simu ya fundi ikaita. Alikuwa bosi, ameshapata habari nusunusu. Fundi akaweka sauti kubwa. Kitu cha kwanza bosi alichouliza ni kama mzigo wa kesho uko salama. Nilichomjibu hakiandikiki. Nasikia siku hizi akiingia bandani anaulizia kwanza kama niko zamu.

Hospitali walimtunza vizuri. Alikuwa amevua glavu moja ili apapase ukuta atafute mlango, na mkono ule ulilipia. Ncha za vidole viwili zilikwenda. Shemeji alirudi kutoka safarini akaapa mkewe hatakanyaga tena pale, afadhali wale majani. Wakakaa hivyo wiki kadhaa. Kisha majani yenyewe yakaonekana hayaliki. Watoto wanakua, shule haingoji, na dada akatafuta kazi huku na kule, kiguu na njia, akarudi na soli zilizoisha. Asubuhi moja nikamkuta jikoni anakunja masweta yake matatu.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Kazi nyingine iko wapi? Nioneshe niende."



Banda lilikuwa limebadilika, siwezi kusema uongo. Kufuli limeondolewa. Swichi ya taa imehamishiwa ndani. Kengele inalia, tena inalia mpaka inakera. Na sasa lazima mtu asimame mlangoni muda wote ambao mwenzake yuko ndani, hatoki hata kama ndege inataka kupaa bila samaki. Niliomba kazi hiyo niifanye mimi. Mzani nikauacha, wakamweka Kasuku, ambaye tangu siku ile amekuwa mkimya mpaka wanamtania kwamba kasuku amekatwa ulimi. Hacheki.

Siku dada aliporudi, vijana wa kupakia walisogea pembeni kumpisha. Hakuna aliyeuliza habari za godoro. Akavaa koti, akavaa gambuti, akasimama mbele ya mlango. Nikafungua. Baridi ikatupiga usoni, na nikasikia kitu kinagongagonga chini. Nikatazama, ni gambuti zake, miguu ilikuwa inatetemeka hivyo ndani yake. Nikamwambia, "Turudi nyumbani." Akavuta pumzi, akaingia.

Nikaegemeza mgongo kwenye mlango, nikauacha wazi. Nilimwona akienda kwenye rafu, akiinua boksi kwa ule mkono wenye bandeji, akilipanga. La pili. La tatu. Joto la nje lilikuwa linaingia, dari ikaanza kudondosha maji, kengele ya joto ikaanza kulia. Msimamizi akatoka ofisini, akatutazama, akarudi ndani. Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Mtu yeyote angenivuta ningemng'ata.

Dada akageuka. "Mdogo wangu, funga. Mzigo unalegea."

"Siwezi."

"Kuna watu wanausubiri kule."

"Wasubiri. Wafe njaa. Siwezi, dada, usinilazimishe."

Akaweka boksi chini akaja. Machozi yalikuwa yananitoka, yake pia, na sote tulikuwa tunatetemeka kwa pamoja, yeye na masweta yake na mimi na blauzi yangu. Akaninyanyua mkono kama alivyokuwa akininyanyua zamani akinivusha barabara, akauweka juu ya mpini wa mlango, akavibana vidole vyangu kimoja kimoja kwa vidole vyake vizima.

"Wewe ndiye uko nje," akasema. "Kwa hiyo nitaweza."

Akarudi ndani, kule mwisho, kwenye rafu ya nyuma. Nikamfungia dada yangu mlango.